Ukija Mghange, Piga Hodi Mapema

Wiki iliyopita msichana mmoja anayesoma chuo kikuu Nairobi aliniandikia kwenye simu. Yeye na wenzake watatu wanataka kuja Mghange mwezi wa nane, wakae siku nne, wapande Vuria na, kwa maneno yake, "waone utamaduni". Alitaka ushauri. Wabebe nini, walale wapi, wapande gari gani.

Yale mepesi nilimjibu papo hapo. Shuka na treni Voi, ingia matatu ya Wundanyi inayopitia Mwatate, na ukiwa mtu wa kutapika kwenye kona usikae nyuma, maana kutoka Mwatate kwenda juu barabara inajikunja kama utumbo wa mbuzi. Ukifika Wundanyi uliza gari la Mghange, lakini uliza vizuri, kwa sababu Mghange ziko mbili, Mghange Dawida na Mghange Nyika, na mwenye boda atakupeleka ile uliyotaja, si ile uliyokusudia. Beba sweta mbili. Watu wa Nairobi hudhani Taita Taveta yote ni joto la Voi, mavumbi mekundu na ndovu. Mwezi wa nane huku juu ukungu unaweza kuingia saa nane mchana na usitoke mpaka kesho yake. Beba pesa za noti kidogo, kwa sababu M-Pesa iko ila netiwaki hupanda na kushuka kama sisi wenyewe. Ukipewa kimanga, kile chakula cha kupondwa cha muhogo na maharagwe, usiguse kidogo ukasukuma sahani. Kula.

Swali lake la mwisho sikulijibu. Aliuliza: "Na yale mapango ya mafuvu, tunaweza kwenda kupiga picha?"

Nimekaa na swali hilo siku saba. Sababu moja ni yangu mwenyewe na nitaieleza. Sababu nyingine ni kwamba nimekuwa nikisoma, kwa miaka kadhaa sasa, ushauri ambao watu wa zamani walipewa kabla ya kuja huku, na nimegundua kwamba historia ya vilima vyetu ikiandikwa kwa njia hiyo, yaani nani alishauriwa nini na akasikia nini, inaonekana tofauti kabisa na ile tuliyofundishwa shuleni.

Chukua maji. Kabla ya reli, mtu aliyetoka Mombasa kuja Taita alivuka nyika ya Taru, na ushauri wa kwanza, wa pili na wa tatu ulikuwa juu ya maji. Wapagazi walijua mashimo ya miambani yaliyoitwa ngurunga, ambako maji ya mvua hukaa, na walijua kwamba Maungu maji yako juu mlimani, kwa hiyo mtu aliyechoka kwa mwendo wa siku nzima bado alikuwa na mlima wa kupanda kabla ya kunywa. Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Royal Geographical Society, aliondoka Mombasa mwezi wa tatu mwaka 1883 na msafara mkubwa na akaonja adha hiyo. Johann Ludwig Krapf alipata mbaya zaidi, ingawa si Taita bali mbele huko Ukambani. Mwaka 1851, baada ya mwenyeji wake Kivoi kuuawa karibu na mto Tana na msafara kusambaratika, alibaki peke yake, akateka maji ya mto ndani ya mtutu wa bunduki na ndani ya mfuko wa darubini yake, akaziba kwa majani, akatembea. Mimi hupenda kisa hicho kuliko vyote vya Krapf. Mtu anajua lugha sita, ameanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, na mwishowe anachohitaji ni kibuyu.

Mwenzake Johannes Rebmann ndiye aliyefika Taita kwanza. Mwezi wa kumi mwaka 1847 alitoka Rabai akaenda Kasighau, ambako yeye aliandika Kadiaro, akarudi salama. Mwezi wa nne mwaka 1848 akatoka tena, safari hii kwenda Uchagani, akipitia milima ya Bura. Kiongozi wa safari alikuwa Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia. Rebmann hakuwa na bunduki. Alikuwa na mwavuli. Watu wengi huusimulia mwavuli ule kama kichekesho, na mimi pia nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Baadaye nikafikiri: mtu akija kwenu na mwavuli, unajua mara moja kwamba hakuja kukupiga, na kwamba ameambiwa huko mnakokaa kunanyesha.

Kuna jambo kubwa zaidi katika safari hiyo. Kabla hawajaondoka, liwali wa Mombasa alimpa Bwana Kheri onyo: asimpandishe mzungu huyu mlima Kilimanjaro. Mlima ule una majini. Waliojaribu kuupanda walikakamaa miguu na mikono, baruti ikakataa kushika, wengine wakafa. Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, Rebmann aliona kilele cheupe kwa mbali. Akamuuliza kiongozi wake kitu kile cheupe ni nini. Yule hakuwa na jina la kitu chenyewe, akajibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa hajakanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata na akaendelea kukataa kwa miaka mingi: theluji karibu na ikweta haiwezekani.

Sasa soma tena onyo la liwali. Toa neno majini. Kinachobaki ni mtu aliyepanda juu bila nguo za kutosha, vidole vimekufa ganzi, viungo vimekaza, silaha imelowa. Hayo ni maelezo sahihi ya baridi kali, yaliyotolewa na mtu wa pwani ambaye hakuwahi kuipata, kwa sababu aliwasikiliza waliorudi. Cooley alikuwa na ramani. Liwali alikuwa na ushauri wa wasafiri. Mimi ningemfuata liwali.

Baada ya maji na baridi, ushauri ulikuwa juu ya mzigo wa kutoa. Msafiri wa karne ya 19 hakubeba fedha bali merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na ilibidi aulize kwanza ni shanga za rangi gani zinazopendwa mahali gani mwaka huo, la sivyo angefika na gunia zima la kitu ambacho hakuna mtu anakitaka. Kisha kulikuwa na hongo, si hii ya siku hizi ya kumpa askari barabarani, bali ada ya kupita na ya kupata maji na chakula katika nchi ya watu. Wageni wengi waliiandika kama unyang'anyi. Wenyeji waliiona kama kupiga hodi.

Nilikumbuka hongo niliposoma habari za Bhutan, ile nchi ndogo ya kifalme iliyojificha katika milima ya Himalaya, kati ya India na China. Ilifungua mlango kwa watalii mwaka 1974, tena nusu. Leo mgeni wa mbali hulipa serikali dola 100 kwa kila usiku anaolala huko, mbali na hoteli na chakula. Mwaka 2022 ada hiyo ilipanda hadi 200 kabla ya kupunguzwa mwaka uliofuata. Na mlima wao mrefu kuliko yote, Gangkhar Puensum, wenye zaidi ya mita 7,500, haujafikiwa kilele, si kwa sababu hauwezekani bali kwa sababu wamekataza. Vilele ni mahali patakatifu, na tangu 2003 kupanda milima kwa ajili ya kushinda vilele kumepigwa marufuku nchini kote. Kila kitabu cha ushauri kwa wasafiri wa Bhutan kinasema hivyo ukurasa wa mwanzo, na wasafiri wanakubali, wanalipa, wanavua viatu wakiingia hekaluni. Hakuna anayewaita wanyang'anyi. Vuria yetu ina mita 2,200 na kidogo, imepandwa na kila mtu, na juu yake kuna milingoti ya mawasiliano.

Sitaki kusema wageni wote walikuja na ubaya. Joseph Wray wa CMS alianza kazi Saghalla mwaka 1883 na akajifunza lugha. Mapadri walifungua misheni ya Bura mwaka 1892, na hadi leo ukitaja Bura kwa wazee watakwambia nani alisomea huko. Reli ilipofika Voi mwishoni mwa karne ile, safari ya siku nyingi ikawa ya siku moja, na ushauri wote wa maji ukasahaulika kwa mara moja. Abiria wa daraja la juu walishuka Voi kula chakula cha jioni, wakapanda tena, wakalala, na vilima vyetu vikapita gizani. Sidhani kama vilima viliudhika.

Lakini mgeni anaweza kukuletea balaa hata asipokugusa. Mwaka 1915, wakati wa vita, Wajerumani kutoka upande wa Taveta walivuka nyika kuja kulipua reli, na Kasighau, mlima wenye maji katikati ya ukame, ukawa muhimu kwa pande zote mbili. Waingereza waliwatuhumu Wakasighau kwamba waliwasaidia adui. Wakawaondoa, kijiji kwa kijiji, wakawapeleka Malindi, kwenye joto na maradhi ambayo watu wa mlimani hawakuyazoea. Wengi walikufa huko, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Mzee wa Taita akikuuliza kwa utaratibu unatoka wapi, wewe ni wa nani na unaenda kufanya nini, msafiri, usidhani ni umbea. Kuna watu waliong'olewa kwao kwa sababu mgeni alijua maji yako wapi.

Sasa nirudi kwenye pango.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1996, na mwaka uliofuata nilikuwa nyumbani tu, nikimsaidia nyanya shambani na kungoja matokeo ya maisha. Siku moja Wundanyi sokoni nikakutana na kijana wa Ulaya, mpole, ana kamera ya filamu shingoni na kitabu cha wasafiri mkononi. Kitabu kile kilikuwa na mistari michache juu ya Taita, na mstari mmoja ulisema kwamba kuna mapango yenye mafuvu ya mababu. Akaniuliza kama nayajua. Nikasema ndiyo. Akaniuliza bei. Sikuwahi kuulizwa bei ya kitu chochote nilichokijua, kwa hiyo nikasema shilingi 500, na akakubali haraka hivi kwamba nikajuta sikusema elfu.

Kwa asiyejua: zamani, kabla ya makanisa kushika, mtu mzima aliyekufa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilitolewa kaburini na kuwekwa mwambani pamoja na ya wenzake wa ukoo. Mahali hapo huitwa ngomenyi. Hapakuwa mahali pa kutupa wafu. Palikuwa mahali pa kuongea nao, mvua ikichelewa au nyumba ikiwa na shida isiyoisha. Mapango hayo yana wenyewe kama vile shamba lina mwenyewe, ukoo huu hapa na ukoo ule pale. Lile nilimompeleka lilikuwa letu, na hilo ndilo nililojiambia njiani: si ni letu? Sikumwambia mtu.

Yule kijana hakufanya fujo. Alisimama kimya muda mrefu. Kisha akainama, akachukua fuvu moja kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaligeuza lielekee kwenye mwanga, akaniomba nimpige picha. Nikampiga. Mimi ndiye niliyebonyeza. Akalirudisha, lakini lilikuwa limeangalia ndani na sasa likaangalia nje, nami niliona na sikusema.

Nyanya alijua kabla ya jua kuzama. Sijui nani alituona. Huku kwetu hata miti ya mikaratusi ina macho. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Ulipiga hodi?" Nikanyamaza. Basi naye akanyamaza, siku tatu, akinipakulia chakula bila kuniangalia. Mtu wa nje anaweza kuona hiyo ni adhabu ndogo. Lakini kwa imani ya wazee wetu, hasira inayokaa moyoni mwa mkubwa wako si hisia yake peke yake. Inaweza kukushika, ukaugua, mambo yakakwama, na dawa yake ni mwenye hasira aitoe. Kitendo hicho huitwa kutasa. Mzee huchukua kinywaji kinywani, hukipuliza nje, na pamoja nacho hutamka maneno ya heri. Siku ya nne nyanya alinipeleka kwa mzee wa ukoo wetu, akiwa na mbangara kwenye kibuyu. Mzee alikwenda pangoni na wanaume wawili. Mimi niliachwa nje. Waliporudi, nyanya akatasa, akipuliza mbele yangu mara kadhaa, na nilipoinua uso akasema, "Haya, nenda ukateke maji." Ikaisha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi Mombasa, nilipata kitabu cha Mmarekani Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika juu ya kutasa na juu ya hasira. Kilichapishwa 1978, Cambridge. Nilikisoma kama mtu anayesoma barua ya nyanya iliyoandikwa na mtu mwingine. Na kwa kufuata jina hilo Cambridge, nikaangukia jambo ambalo sikuwa nikilitafuta.

Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, msomi wa Cambridge, kabla hajawa maarufu kwa Olduvai, alikusanya mafuvu kutoka miambani Taita na yakaenda Uingereza. Mwaka 1931 jarida la Biometrika lilichapisha utafiti wa Elisabeth Kitson uliopima mafuvu ya kutoka Kenya, pamoja na hayo. Yakabaki Cambridge. Baadaye William Howells wa Harvard alizunguka dunia akipima mafuvu ya watu wa mataifa mbalimbali, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake. Kundi mojawapo linaitwa Teita. Mafuvu 83: wanaume 33, wanawake 50. Kila moja lilipimwa urefu, upana, shimo la jicho, mfupa wa pua, vipimo zaidi ya 50. Takwimu hizo ziko kwenye intaneti bure, na wanafunzi wa mifupa duniani kote huzitumia kujifunzia. Nilizipakua usiku mmoja kwenye simu. Ni jedwali tu. Kuna nambari, kuna jinsia, kuna milimita. Safu ya ukoo haipo.

Wanawake 50. Hilo lilinikalisha chini, kwa sababu utotoni nilidhani mafuvu yote ni ya wazee wa kiume. Nilimfikiria nyanya, aliyefariki mwaka 2009 na kuzikwa kanisani kwa jeneza, na mama ya nyanya, na mama ya huyo. Sina namna ya kujua kama kuna wa kwetu mle. Inawezekana wote ni wa milima mingine. Lakini nilipotazama zile milimita nilijiona tena na kamera mkononi. Mkusanyaji na wapimaji wale walifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, kama yule kijana alivyolishika fuvu kwa mikono miwili. Na mahali fulani, bila shaka, kulikuwa na mtu wa huku aliyeonyesha njia.

Nimesikia vijana wetu wakisema mapango yafungwe kwa kufuli, na wengine wakisema yafunguliwe kwa tiketi, ukoo upate karo ya watoto. Mimi naelekea kwa hao wa pili, ilimradi bei itajwe na wenyewe na si na kijana aliyekutwa sokoni. Bhutan haikufunga mlango wala haikuuacha wazi. Iliweka mtu mlangoni. Lakini pia najua kwamba wazee wanaojua pango lipi ni la nani wanapungua kila msimu wa baridi, na kwamba makanisa mengi yangependa habari hii isitajwe kabisa.

Kwa hiyo jana usiku nilimjibu yule msichana. Nilimwambia: mkifika, msianze na pango. Msianze na Vuria pia. Siku ya kwanza nendeni kwa mzee, nitawapa jina na mtu wa kuwapeleka, mbebe sukari, majani ya chai na mkate, mseme "Kwawuka mana" kama ni asubuhi hata mkikosea, mkae. Atawauliza ninyi ni wa nani. Jibuni kweli, hata kama jibu ni refu. Akitaka kuwapeleka atasema mwenyewe, na akitaja kitu cha kutoa msibishane bei. Asiposema, basi ngojeni siku ya pili, nendeni msitu wa Ngangao mkaone ndege ambao hawapatikani kwingine duniani, mrudi. Mna siku nne. Akinyamaza siku zote nne, hilo nalo ni jibu, na mtakuwa mmekula vizuri.

Akauliza: "Sasa picha?"

Picha ninayo mimi. Yule kijana alikuwa mwungwana. Miezi mitatu baada ya kuondoka alinitumia nakala kwa posta, ikafika sanduku la shule ya msingi, na tangu hapo iko ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na cheti changu cha ubatizo. Sijawahi kumwonyesha mtu. Mwezi uliopita nilimpigia simu mzee wa ukoo, yule yule, sasa haoni vizuri, nikamweleza habari za picha na za zile nambari 83. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani netiwaki imekatika. Kisha akasema niilete yeye aishike, na kwamba nije mvua zikiisha, kwa sababu njia ya kule juu huteleza.